Alfajiri Niliyoandika Alkiba

Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani pale kilimani, ninyi mliokuja juzi mkakuta umeme wa jua na choo cha ndani. Nitaandika. Mwandiko wangu mnaujua, ni wa darasa la nne, herufi zinaegemeana kama watu wanaotoka kilabuni. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Cheo changu cha kwanza kilikuwa mpishi, na cha mwisho kiliandikwa kwa maneno marefu ambayo sikuwahi kuyatamka yote kwa pumzi moja.

Siku ya kwanza nilipanda kwa miguu kutoka Kibakwe na sufuria kichwani, maana niliambiwa sufuria za kituo cha nyota zimetoboka. Nilikuta kibanda cha mabati chenye paa la kusukuma kwenye reli, ndani yake darubini kubwa imefunikwa shuka, nyumba ya vyumba vitatu, na jiko la mafiga. Nikapika ugali na mlenda. Walikuwepo wageni wawili kutoka Dar es Salaam, wakala mlenda kwa uma. Nikajua hapa nitaona mengi.

Mkuu wa kutazama wakati huo alikuwa Mzee Danieli Chipanha. Hakuwa daktari wa chochote. Alikuwa fundi redio wa Mpwapwa aliyejifundisha nyota kwa vitabu vya kuazima, na wasomi walikuwa wakimsikiliza. Jioni moja alituita wote nje, mimi, mlinzi Simoni Mlugu na dereva Amosi Sudayi, akatuonyesha Kilimia. "Hesabuni nyota zilizomo. Msiambiane." Mlugu akasema sita. Amosi akasema sita, halafu akasema saba kwa sababu Mlugu alishasema sita. Mimi nikasema tisa. Mzee akaniuliza ziko wapi, nikamchorea chini kwa kijiti. Akauangalia ule mchoro, akaniambia, "Mama Nyemo, kuanzia kesho mwiko tafuta wa kumwachia."

Ndivyo nilivyoingia. Alinifundisha vitu vidogo vidogo, na vingi mnavitumia bila kujua vilitoka kwake. Vumbi la Novemba usilifute kwa kanga hata kama kanga ni mpya. Pulizia kwa mpira, kisha brashi laini ya kunyolea ndevu. Reli za paa zipake grisi kila wiki, na kabla ya kupaka angalia siafu, nimeng'atwa vya kutosha kuwaambieni. Tochi izungushie nailoni nyekundu, maana mwanga mweupe ukikupiga macho, nusu saa huoni kitu. Nyota hafifu usiikodolee. Tazama pembeni yake kidogo, itajileta.

Lakini kazi yake kubwa aliyonipa ilikuwa kupima mwanga wa nyota zenye mkia, hizi ambazo wasomi wanaziita kometi. Nyota ya kawaida ni nukta. Hii yenye mkia ni kama pamba, huwezi kuilinganisha na nukta hivi hivi. Kwa hiyo unachukua ile darubini ndogo ya macho mawili, unailegeza mpaka nyota za kawaida nazo zinavimba na kuwa pamba. Hapo unauliza: huyu mgeni analingana na yupi? Ni mkubwa kuliko yule, mdogo kuliko huyu. Unaandika jina la nyota uliyolinganisha nayo. Basi. Ili uweze lazima ujue majina, na majina mimi sijawahi kusahau. Nilijifunza Sumbula ambayo wasomi wanaiita Spika, na haihusiki na Bunge. Nilijifunza zile za kundi la Kunguru, Giena, Krazi, Algorabu, na ile hafifu ya mdomoni, Alkiba.

Na Mzee Chipanha alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko Amri Kumi. Dodoma walikuwa wakituletea karatasi ya makadirio, yaani hesabu ya wasomi kwamba tarehe fulani kometi itakuwa na mwanga wa kiasi fulani. Karatasi hiyo inakaa kwenye droo. Watazamaji wawili wanatoka nje, mmoja anasimama upande wa tangi la maji, mwingine kwenye sakafu ya kuanikia mtama. Hawasemeshani. Kila mmoja anaandika alichoona kwenye kipande chake, anakikunja, anakitia kwenye kopo la maziwa. Kopo linafunguliwa wakati wa chai. Baada ya kopo, ndipo droo. "Ukianza na karatasi," alikuwa akisema, "macho yako yanakuwa mtumwa wa Dodoma."

Mzee Chipanha alifariki mwaka wangu wa kumi na nne pale. Mahali pake hakuletwa mtu; nilibaki mimi, na mkuu wa kituo akawa Dokta Mbonea, Mpare, mtu wa haki na wa hasira za karibu, aliyekuwa akigawa wiki yake kati yetu na ofisi ya mtaa wa Kikuyu, Dodoma mjini.

Hapo katikati lilitokea jambo la aibu ndogo, nawaeleza kwa sababu lilizaa aibu kubwa. Jioni moja niliona kwenye ubavu wa mlima taa nyeupe, kali, mahali ambapo hapakuwa na nyota. Haikutikisika. Nikapiga kengele ya kituo. Dokta Mbonea akatoka na kijiko mkononi, akampigia simu mwenzake Dodoma, yule akampigia mwingine sijui wapi, kwamba kituo kimeona nyota mpya. Baada ya robo saa nyota ikageuza kona, ikaanza kunguruma. Alikuwa Josia Mhando na bodaboda yake, alisimama mlimani kubadilisha plagi akaacha taa inawaka.

"Shikamoo mama," Josia akasema alipofika getini, "mbona mmesimama hivi, kuna msiba?"

"Hakuna," Mlugu akajibu, "tulikuwa tunakusubiri wewe. Umeshaandikwa mbinguni."

Walicheka mpaka Dokta akakaa chini. Nami nilicheka. Kwa miaka miwili nikaitwa Mama Bodaboda, na barua moja kutoka mjini iliandikwa hivyo hivyo juu ya bahasha. Nilikuwa nikiitika. Lakini tangu siku ile kila nilipoona kitu kisichotarajiwa, kabla ya kufurahi nilikuwa nasikia pikipiki.

Sasa naja kwa Tatu.

Tatu Hamisi alikuja kwetu kwa majaribio ya miezi sita. Alikuwa mwalimu wa fizikia huko kwao Chemba, mwanamke wa miaka thelathini, mwembamba, mwenye swali kila mahali. Aliacha darasa kwa ajili ya kazi hii. Akifaulu majaribio anaajiriwa, asipofaulu anarudi kuomba upya chaki. Kwao wanasema ile lugha ya kugonga ulimi, na akiongea na mama yake kwenye simu Mlugu alikuwa akiweka sikio.

"Mwalimu, unaongea au unakaanga bisi?"

"Nakaanga, mzee wangu. Lete bakuli."

Alipenda kazi. Ndani ya miezi minne alikuwa ameshika majina yote, na mwanga aliupima vizuri, tulikuwa tukifungua kopo tunakuta tumeandika nyota ile ile. Aliniita bibi, nami nilimwita mama.

Mwezi wa kumi na moja kukawa na kometi inayokwenda kwenye jua. Ilikuwa ikionekana alfajiri tu, chini kabisa mashariki, dakika ishirini hivi kabla mapambazuko hayajaimeza. Darubini kubwa haikuweza kuinama kiasi hicho, ukuta wa kibanda uliizuia, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya macho na darubini ndogo. Wiki nzima ilikuwa ikikua polepole kama karatasi inavyosema. Droo nilikuwa sijaigusa kabla ya wakati hata mara moja. Nasema hivyo ingawa sasa hamna sababu ya kuniamini.

Alfajiri ya Jumanne nilisimama upande wa tangi, Tatu kwenye sakafu ya mtama. Kulikuwa na baridi ya upepo. Nikalegeza darubini, nikaipeleka mahali pake, na kometi ilikuwa kubwa kama Spika. Jana yake ilikuwa haifiki Alkiba. Ilikuwa nyeupe, imejaa katikati kama yai, na mkia wake mfupi ulionekana hata bila darubini.

Sikufurahi. Nilisikia pikipiki. Nikajiambia ni Zuhura, lakini Zuhura msimu ule ilikuwa jioni. Nikajiambia ni vumbi kwenye kioo, nikapuliza, ikabaki vile vile. Nikajiambia mtu wa darasa la nne hawezi kuona kitu ambacho hesabu za madaktari hazikukiona. Nikaingia ndani, nikavuta droo, nikasoma karatasi kwa tochi nyekundu. Karatasi ilisema ilingane na Alkiba, au izidi kidogo.

Nikaandika: Alkiba, imezidi kidogo. Nikakunja. Nikatia koponi.

Wakati wa chai Dokta Mbonea alikuwepo, alilala kituoni siku ile. Tatu alikuja anakaribia kukimbia, macho yanacheka. "Bibi! Umeiona?"

"Nimeiona," nikasema. Kweli nilikuwa nimeiona.

Dokta akafungua kopo. Akasoma kipande cha Tatu, akasimama. "Spika? Mwalimu, umeandika Spika?"

"Ndiyo Dokta. Imelipuka. Tuwaandikie wenzetu sasa hivi, huenda sisi ndio wa kwanza."

Akafungua cha kwangu. Akakisoma mara mbili. Akaniangalia, na kwenye uso wake niliona anashukuru. "Mama Nyemo anasema Alkiba."

"Haiwezekani," Tatu akasema. "Twendeni nje tukaangalie."

Nje kulishakucha. Kuku walikuwa tayari barabarani.

"Mwalimu," Dokta akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, "Mama Nyemo ana miaka ishirini na miwili hapa. Wewe una miezi minne. Umelenga Spika yenyewe. Wengi hukosea hivyo."

"Dokta, Spika naijua. Nililinganisha nayo, ilikuwa pembeni yake."

"Mama, wewe uliona nini?"

Hapo ndipo. Nilikuwa na kikombe mkononi, chai ya tangawizi, bado ya moto. Ningesema maneno matatu tu, yangetosha. Nikasema, "Nimeona kama nilivyoandika."

Dokta akachukua kalamu, akanakili vipande vyote viwili kwenye kitabu kikubwa cha kituo, kisha akapiga mstari juu ya Spika. Kwetu kitabu hakifutwi, mnajua. Unapiga mstari mmoja, kilicho chini kinasomeka, unatia sahihi. Tatu aliutazama mstari ule ukipigwa, halafu akaenda kuosha vikombe ambavyo havikuwa zamu yake.

Jumatano kulikuwa na ukungu wa vumbi, hatukuona kitu. Alhamisi hata wachunga mbuzi waliiona. Mlugu aliiona akiwa kitandani kupitia dirishani, akagoma kutoka. Dokta akaandika taarifa: Jumanne ilikuwa ya kawaida, imelipuka baadaye. Wasomi wa mbali wakafurahi, maana wengi wao walikuwa na mawingu na hawakujua ilianza saa ngapi. Lakini mmoja, sikumbuki kutoka nchi gani, jina lake lilikuwa Ireneo, akauliza kwa upole: "Je, mna hakika na Jumanne? Mimi huku nilikuwa na ukungu, lakini kilichopenya kilionekana kikubwa."

Dokta akanifuata jikoni. "Mama, kuna mtu anauliza. Una hakika?"

"Nina hakika."

Uongo wa kwanza niliusema kwa kuogopa kuchekwa. Wa pili niliusema kwa sababu ya ule wa kwanza, na ulitoka mwepesi zaidi, ndicho kinachonitisha hadi leo.

Mwisho wa miezi sita Dokta alijaza fomu ya Tatu. Aliniomba nikae hapo kama shahidi. Aliandika kwamba ni mchapakazi, mwenye adabu, ila anaona anachotaka kuona. Nikatia sahihi chini yake, herufi zangu zile zinazoegemeana.

Asubuhi aliyoondoka alikuja jikoni na begi begani. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mama."

"Bibi, wewe uliiona. Nilikusikia upande wa tangi. Ulisema, Yesu wangu. Halafu nikasikia droo."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Dokta.

"Nimwambie mtu mzima kama wewe amedanganya? Na watu wamwamini nani?" Akaweka begi chini, akalibeba upya kwenye bega lingine. "Nilidhani utasema mwenyewe. Kila siku nilikuwa nadhani ni leo." Akanipa mkono kama mgeni. Josia akampakia mpaka stendi ya Mpwapwa.

Nikafanya kazi miaka miwili mingine. Ninyi mnaonisoma, baadhi yenu mlikuja katika miaka hiyo miwili, na niliwafundisha sheria ya droo. Niliwafundisha vizuri sana.

Siku ya kuniaga mlichinja mbuzi wawili, mkanipa kitenge na redio. Dokta Mbonea akasimama kusema. Alisema katika maisha yake amekutana na mitambo mingi ya kupimia, na yote ilihitaji kurekebishwa, isipokuwa macho ya Mama Nyemo. Mkapiga makofi. Mlugu akapiga vigelegele, mwanamume mzima. Nilikuwa na kipande cha ini mdomoni, na sikuweza kukimeza wala kukitema. Mliniona nalia mkadhani ni mapenzi ya kazi.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Dodoma, nikafika ofisi ya Kikuyu kabla ya saa nne. Dokta akainuka kunipokea, akaanza kuagiza soda. Nikamwambia akae. Nikamwambia yote, tangi, Spika, droo, karatasi, na lile neno hakika.

Soda ikaletwa, akaisogeza pembeni bila kuifungua.

"Ilikuwa Spika kamili?"

"Kamili. Pengine imezidi."

"Na kitabu nipe nirekebishe," nikaendelea. "Nipige mstari wangu, niandike ya kweli."

"Mstari piga. Lakini ya kweli huwezi kuandika, mama. Kitu kilichoandikwa baada ya miaka miwili hakihesabiki kuwa kimeonwa. Ni kumbukumbu tu." Hakusema kwa ukali. "Kilichoonwa siku ile ni kimoja, cha Tatu, na mimi ndiye niliyekipiga mstari."

Akafungua simu, akatafuta jina, akaiweka mezani bila kupiga. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia, ingawa nilikuwa nimefikiri njia nzima kutoka Mpwapwa.

"Na zile nyingine?"

"Zipi?"

"Zote. Miaka ishirini na minne. Nitajuaje ni lini ulianza na mbingu na lini na karatasi?"

Nikamwapia kwamba ni ile moja. Akaitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mtoto, akapiga simu Chemba.

Tatu alikataa kurudi kazini mara ya kwanza. Mara ya pili alikubali, kwa masharti mawili. La kwanza, Dokta awaandikie wote aliowaandikia, ikiwemo Ireneo, kwamba Jumanne ilikuwa Spika na aliyeiona ni Tatu Hamisi. Hilo limefanyika, barua nimesomewa, jina langu limo pia na linastahili kuwemo. La pili, vitabu vyote vya zamani viingizwe kwenye kompyuta, na yeye mwenyewe aviingize, nami nikae pembeni nimsomee, kwa kuwa mwandiko wangu hausomwi na mtu mwingine.

Kwa hiyo ninyi mnaoniona kila Jumatatu napanda na mkoba ingawa nimestaafu na mnaniuliza bibi umesahau nini, jibu ni hilo. Tunakaa chumba cha mwisho. "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Ananivutia kiti, ananipa chai kabla ya kujimiminia. Nasoma tarehe, jina la mtazamaji, nyota. Mzee Chipanha, Giena. Anaandika. Mama Nyemo, Krazi. Anaandika, kisha anaongeza alama ya kuuliza. Ndivyo walivyokubaliana na Dokta: kila kilichoonwa na mimi kiwe na alama hiyo, ili anayetumia ajue. Simlaumu. Mimi ningeweka mbili.

Wiki iliyopita tulifika kitabu cha mwaka wa kumi na tano. Nikakuta ukurasa wangu, kometi ndogo ya mwezi wa pili, nimeandika Algorabu kwa kalamu ya buluu. Nilisoma. Tatu akasita, vidole juu ya vibonye.

"Bibi, hii naikumbuka kwenye vitabu vya watu wengine. Wote wanakubaliana na wewe. Naweza kuiacha bila alama." Akanigeukia. "Niambie tu. Siku hii ulianza na mbingu?"

Mdomo ulikuwa tayari umefunguka kusema ndiyo. Nikaangalia ule mwandiko. Mwezi wa pili, mwaka wa kwanza bila Mzee, mvua nyingi, mawingu yakifunguka na kufunga. Nikajaribu kuiona ile asubuhi, nimesimama wapi, mkono uko wapi. Niliuona mkono wangu kwenye mpini wa droo. Lakini sikuweza kujua kama ni wa asubuhi ile au ni ule wa Jumanne ya Spika, umeingia hadi huko nyuma.

"Weka alama, mama," nikamwambia.

Akaiweka, akasubiri niendelee kusoma.